Tinti Imetoa Mapovu, Imebanduka au Imegeuka Zambarau: Tafuta Chanzo Kabla ya Kulipa Tena

Tinti, ile karatasi ya plastiki inayobandikwa kwenye vioo vya gari au vya jengo, ikiharibika, jibu la haraka la watu wengi ni kwamba karatasi ilikuwa feki. Mara nyingine ni kweli. Lakini karatasi nzuri iliyobandikwa kwenye kioo chenye vumbi huharibika mapema kuliko karatasi ya bei ya kawaida iliyobandikwa na fundi makini. Na kuna matatizo ambayo hayamhusu fundi wala karatasi: yako kwenye kioo chenyewe, kwenye raba ya mlango, kwenye dawa ya kusafishia, au kwenye paa la nyumba. Ukilaumu kisichohusika utabandua, utalipa upya, na baada ya miezi michache utakuta hali ni ile ile.

Kwa hiyo kabla ya kushika wembe, jiulize maswali matatu. Dalili iko wapi: katikati ya kioo, pembezoni, au kioo chote? Ilianza lini: wiki ya kwanza, baada ya miezi, au baada ya miaka? Na ukiibonyeza kwa kidole gumba inafanyaje: inahama, inatulia halafu inarudi, au haisogei kabisa? Katika kesi nyingi majibu hayo matatu yanatosha kukuonyesha chanzo.

Kwanza hakikisha kama hiyo ni karatasi au ni kioo

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki yanatoka Japani. Sheria ya kule inataka kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, lakini vioo vya nyuma vinaruhusiwa kuwa vyeusi. Ndiyo maana gari huja likiwa jeupe mbele na jeusi nyuma, na ule weusi wa nyuma mara nyingi ni rangi iliyomo ndani ya kioo tangu kiwandani.

Kutambua ni rahisi. Shusha kioo cha mlango kidogo, kisha pitisha kucha upande wa ndani karibu na ukingo wa juu. Karatasi ina ukingo: utausikia ukikwama kwenye kucha milimita chache chini ya mwisho wa kioo. Usiposikia kitu, rangi imo kwenye kioo. Rangi hiyo haibanduki, haitoi mapovu wala haigeuki zambarau. Vioo vya nyuma visivyoshuka vipime pembeni, pale ambapo karatasi huishia kabla ya mpira.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya hesabu. Namba ya tinti, iwe 5, 20, 35 au 50, ni asilimia ya mwanga unaopita, na karatasi ikiwekwa juu ya kioo cheusi namba hizo huzidishana. Kioo cha nyuma kinachopitisha asilimia 25, ukikibandika karatasi ya 20, kinabaki kupitisha asilimia 5 tu. Dereva anayelalamika kwamba akirudi nyuma usiku haoni kitu, mara nyingi shida yake ndiyo hiyo. Aliomba 20 akapewa 20 kweli, ila hakuna aliyemwuliza kioo chake kilikuwa na nini tayari.

Mapovu

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, kwa sababu mapovu yako ya aina kadhaa na kila aina ina hukumu yake.

Yaliyotokea siku za kwanza, laini, yenye umbo lisilo na mpangilio, na ukiyabonyeza yanahama kidogo, hayo ni maji. Tinti hubandikwa kwa maji ya sabuni ili fundi aweze kuitelezesha hadi ikae sawa, kisha anayakamua kwa mpira. Hakuna fundi anayeyatoa yote. Yanayobaki hutoka polepole kwa mvuke kupitia kwenye karatasi yenyewe. Gari linaloegeshwa juani Dar es Salaam mwezi wa Januari linaweza kukauka ndani ya siku chache. Gari lile lile wakati wa masika, au Nairobi kwenye baridi ya Julai, linaweza kuchukua wiki kadhaa. Karatasi nene za usalama zinazowekwa madukani huchelewa zaidi, na mwezi mzima si ajabu. Dawa yake ni jua na subira. Usichome povu kwa sindano: tundu hilo litaingiza vumbi na hewa, na litabaki hapo maisha yote ya tinti.

Povu lililo kali kama kijichuguu, lenye nukta katikati, ni uchafu. Sogeza jicho karibu na uangalie mwanga ukipita kwa ubavu: utaona punje ya mchanga, unyoya wa kitambaa au unywele, na karatasi imejiinua kuuzunguka. Hilo haliponi. Tatu au nne ndogo kwenye kioo kizima cha gari ni za kuvumilika, hasa kama kazi imefanyika kibandani barabarani ambako kila bodaboda inayopita inapeperusha vumbi. Lakini zikiwa zimejaa sehemu ya chini kote, karibu na raba, ujue fundi hakuisafisha raba kabla ya kuchomeka karatasi. Maji yaliukusanya uchafu wa ndani ya mlango na kuupandisha. Hiyo ni kazi ya kurudiwa bila malipo, na una haki ya kuidai.

Chunguza pia maji yaliyotumika. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo mitaa mingi ya pwani inayategemea, huacha vidoa vyeupe chini ya karatasi yakikauka. Fundi anayejali hujaza chupa yake ya kupulizia maji ya kunywa au yaliyochujwa vizuri, na sabuni laini kidogo tu, ile ya watoto. Sabuni ikizidi huidhoofisha gundi.

Aina ya tatu ni malengelenge. Haya huja baada ya mwaka au zaidi, makubwa, mengi, yametapakaa kioo chote, na ukibonyeza yanatulia halafu yanarudi. Gundi imekufa. Joto la kila siku limeivunja, na karatasi za bei ya chini hufika hapo mapema. Fundi anayekuambia atayapasha moto yatulie anakupotezea siku. Badilisha karatasi.

Kuna mapovu mengine yanayochanganya hata mafundi. Ukiona mstari mweupe wa vitone unaofuata mpaka wa juu au wa pembeni wa kioo cha nyuma, pale kiwanda kilipopaka doti nyeusi, hiyo si gundi mbovu. Doti hizo zina unene wake, na karatasi inakaa juu yake bila kugusa kioo katikati ya doti na doti. Fundi anaweza kupunguza kwa kukandamiza kwa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa, mara kadhaa, karatasi ikiwa bado mbichi. Kinachobaki hufichwa kwa ukanda mwembamba mweusi. Kubandua kioo kizima kwa ajili ya doti ni hasara tupu, kwa sababu karatasi mpya itafanya vivyo hivyo.

Na mwisho wa mapovu: kama ulibandika tinti kwenye paa la plastiki la baraza au kibanda, zile karatasi ngumu za polikaboneti, mapovu ni ya uhakika. Plastiki hiyo hutoa gesi ikipata joto, na gesi haina pa kutokea. Tinti ya kawaida ni ya kioo.

Kingo zimebanduka

Angalia ni ukingo gani. Ukingo wa juu wa kioo cha mlango ukianza kujikunja, kuna mambo mawili ya kuuliza. Je, kioo kilishushwa kabla ya siku tatu hadi tano kupita? Au fundi alikata karatasi ikaenda sawasawa na mwisho wa kioo bila kuacha nafasi? Karatasi iliyofika mwisho kabisa hukwaruzwa na raba ya juu kila kioo kinapopanda, hadi inafunguka.

Ukingo wa chini ukibanduka, mara nyingi karatasi haikuingia chini ya raba. Wengine hukata pale pale usawa wa raba kwa sababu kuichomeka chini kunahitaji kulegeza raba au kufungua kava la mlango. Siku ya kwanza inapendeza. Kioo kikishuka, raba inaushika ukingo huo na kuusukuma juu. Dawa yake ni kurudia kioo hicho, na safari hii karatasi izame angalau sentimita moja chini ya raba.

Pembeni, kwenye njia kinamopita kioo, adui ni mchanga. Kwa gari linalopita barabara za vumbi, njia hizo hujaa mchanga mlaini uliogandamana na grisi ya zamani, nao unasugua karatasi kila siku. Zisafishe kwa brashi na maji kabla ya kuweka tinti, na uzirudie kila baada ya miezi michache.

Kama ukingo umefunguka kidogo na kazi ni ya juzi, unaweza kuuokoa. Inua taratibu uangalie gundi. Ikiwa inang'aa na inanata, haikukandamizwa vya kutosha: pulizia maji ya sabuni kidogo, ilaze, kamua kwa kadi iliyofungwa kitambaa, kisha acha kioo kimefungwa siku tano. Ikiwa gundi ina rangi ya kijivu na vinyoya, imeshika vumbi na haitanata tena. Usitumie supagluu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo na karatasi, na yenyewe hukauka kuwa gamba ambalo hata wembe unalitoa kwa shida.

Rangi imebadilika

Zambarau ni dalili ya karatasi iliyopakwa rangi tu, isiyo na tabaka la metali wala chembe za kauri. Weusi wake ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na jua haliziui zote kwa kasi moja. Zinazotangulia kufa zinaacha zile za wekundu na bluu, na kioo kinaonekana zambarau. Kwenye gari huanzia kioo cha nyuma kwa sababu kimelala na kinalitazama jua moja kwa moja. Hakuna dawa, hakuna nta wala mafuta yatakayoirudisha. Na jambo la kukumbuka: kinga yake dhidi ya miale ya UV nayo kwa kawaida imeshapungua, kwa hiyo kuiacha kwa sababu "bado ni nyeusi nyeusi" kunamnyima anayekaa nyuma kile alichokilipia.

Kwa majengo ya pwani, kuanzia Tanga, Mombasa hadi Unguja na Mtwara, kuna ugonjwa mwingine. Ile tinti ya kioo-kioo yenye rangi ya fedha inaanza kuwa na vidoa vinavyopitisha mwanga, hasa pembezoni, kama imeliwa. Ndani yake kuna tabaka jembamba sana la metali, mara nyingi alumini. Unyevu wenye chumvi unaingia kwenye ukingo, metali inapata kutu, na sehemu hiyo inabaki plastiki tupu. Ikiwa karatasi ilibandikwa upande wa nje, kasi ni kubwa zaidi. Kuzuia kunawezekana: bandika upande wa ndani kila inapowezekana, na kama lazima iwe nje, tumia karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya nje na kingo zake zizibwe kwa silikoni isiyo na asidi. Silikoni yenye harufu ya siki ndiyo hiyo yenye asidi, na inachochea kutu ile ile unayoikimbia.

Ukungu

Ukungu wa wiki za mwanzo ni unyevu, na unaondoka pamoja na maji. Ukungu unaoonekana tu jua likiwa limelala asubuhi au jioni na kukupiga kwa mbele, halafu mchana haupo, ni tabia ya karatasi yenyewe. Baadhi ya karatasi za kauri hutawanya mwanga unaozijia kwa ubavu. Hautapona wala hautaongezeka. Omba kuonyeshwa kipande cha karatasi juani kabla ya kununua, ukiwa umekielekeza jua la jioni.

Ukungu wa mafuta unaopakazika ukipitisha kidole ni mvuke wa plastiki za dashibodi, na unafutika.

Tinti ni nyeusi lakini joto liko pale pale

Hili ndilo lalamiko linalonigusa kuliko yote, kwa sababu wengi wametoa pesa kwa ajili ya joto na wakapewa giza. Nishati ya jua inayofika ardhini, takribani nusu yake ni miale ya infraredi ambayo jicho haliioni. Mwanga tunaouona unachukua sehemu kubwa ya iliyobaki, na UV ni sehemu ndogo. Weusi wa karatasi unakueleza habari za ule mwanga unaoonekana tu. Kwa hiyo karatasi ya rangi ya namba 5 inaweza kukupa giza la chumbani na bado ikapitisha infraredi kwa wingi, huku karatasi ya kauri ya namba 50 ambayo kwa macho ni kama haipo ikazuia joto zaidi yake.

Isitoshe, karatasi nyeusi ya rangi inafanya kazi kwa kunyonya. Weka kiganja karibu na kioo cha ndani saa nane mchana bila kukigusa: utasikia kioo chenyewe kinatoa joto kama pasi. Kile kilichonyonywa, sehemu yake inarudi ndani. Gari likitembea upepo wa nje unapoza kioo na nafuu inaonekana; likisimama kwenye foleni, nafuu inapungua.

Ukienda kununua, usiulize weusi, na usitosheke na tangazo la "inazuia infraredi asilimia kadhaa", kwa sababu asilimia hiyo inaweza kuwa imepimwa kwenye kipande kidogo tu cha miale hiyo. Uliza jumla ya nishati ya jua inayozuiwa. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya vipimo ya bidhaa, na ndiyo inayolinganisha karatasi mbili kwa haki. Lile onyesho la dukani la taa ya joto na kipande cha kioo linavutia, ila taa si jua, na dakika moja haitoshi kioo kupata moto kikaanza kurudisha joto upande wako.

Kwa gari, fahamu pia kwamba hakuna tinti itakayolifanya gari lililofungwa vioo na kuachwa juani libaki baridi. Kioo cha mbele ni kikubwa, kimelala, na kwa kawaida hakina karatasi. Kizuizi cha jua cha kukunja kinachowekwa nyuma yake unapoegesha kinafanya kazi ambayo vioo vya pembeni haviwezi kuifanya.

Kwa nyumba, pima kabla ya kulaumu tinti. Simama chumbani saa sita mchana, jua likiwa utosini na halipigi dirisha lolote. Nyoosha mkono juu kuelekea dari. Ikiwa joto linashuka kutoka huko, chanzo ni bati, na tinti hata ya aina gani haitalipunguza. Pesa hiyo ingenunua dari yenye kizuia joto au matundu ya hewa ya kutosha darini. Ikiwa joto linaanza saa tisa alasiri kwenye chumba kinachotazama magharibi, hapo tinti ndiyo dawa. Sisi tulio karibu na ikweta jua letu hupita juu sana, kwa hiyo madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayobeba mzigo. Mwenye bajeti ndogo aweke karatasi nzuri kwenye hayo tu, aache ya kaskazini na kusini.

Usiku wanaona ndani

Tinti ya kioo-kioo ya nyumbani huficha upande wenye giza. Mchana nje kuna mwanga mwingi, kwa hiyo aliye nje anajiona mwenyewe na wewe unamwona. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka: wewe unajiona kwenye kioo, na mpita njia anaona sebule nzima. Karatasi haijaharibika na hakuna ya kubadilisha itakayokwepa kanuni hiyo, hata muuzaji akisema nini. Weka pazia la usiku. Kwa bafu, choo na vyumba vya chini vinavyotazama kibaraza, chagua karatasi ya ukungu mweupe, ambayo haijali mwanga uko upande gani. Ila kama kioo tayari ni kile cha maua au kilichokwaruzwa kiwandani, hakikisha karatasi inabandikwa upande laini. Kwenye upande wenye mabonde haishiki.

Madirisha ya luva yana taabu yake: kila kipande kina kingo nne zilizo wazi, na mkono unaovifuta kila siku unazibandua. Kazi hiyo ifanyike kwa kuvitoa vipande kwenye fremu na kuvibandikia mezani, na karatasi iishie ndani kidogo ya kila ukingo.

Kioo kimepasuka baada ya kuwekwa tinti

Chukua duka la dawa lenye kioo kikubwa mbele kinachotazama magharibi. Tinti nyeusi imewekwa Jumamosi. Jumatano alasiri mwenye duka anapiga simu: "Fundi, umenipasulia kioo." Fundi anasema hakukigusa. Wote wawili wanaweza kuwa na ukweli, na kioo chenyewe ndicho kitakachoamua.

Fuata ufa hadi ulikoanzia. Ufa wa joto huanza kwenye ukingo wa kioo, na unatoka kwenye ukingo huo ukiwa umesimama wima kabisa kwa pembe mraba. Huenda moja kwa moja sentimita kadhaa, kisha unaanza kupinda na kuzurura. Ufa wa jiwe au kugongwa una kitovu, na mistari inatawanyika kutoka hapo. Ufa wa fremu inayobana au skrubu iliyokazwa kupita kiasi huanzia kwenye kona au pale pale panapobana, na huondoka kimshazari.

Ukikuta ufa wa joto, sababu ni hii: karatasi ilinyonya jua, katikati ya kioo pakapata moto na kutanuka, huku ukingo uliojificha ndani ya fremu ya aluminiamu ukibaki na ubaridi. Ukingo unavutwa, na kama siku ya kukata kioo uliachwa na kijino kidogo, hapo ndipo unapoachia. Mambo mengine huzidisha: kivuli cha kibaraza kinachofunika nusu ya kioo, maboksi ya dawa yaliyopangwa hadi kugusa kioo kwa ndani, kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja juu yake. Katika duka kama hilo, sogeza rafu ziachie nafasi ya hewa, geuza kiyoyozi, na kioo kipya kiwekewe karatasi inayorudisha jua badala ya kulinyonya.

Vioo vyenye nyavu za waya ndani, vioo vinene vya kawaida, na vioo vya tabaka mbili vilivyozibwa pamoja havifai karatasi nyeusi inayonyonya. Kioo kilichoimarishwa kwa moto kiwandani, kile kinachovunjika kuwa punje ndogo ndogo, kinastahimili. Vioo vya milango ya gari kwa kawaida ni vya aina hiyo, ndiyo maana tinti haivipasui. Fundi, kabla ya kubandika kioo cha duka, zungukia kingo zote, piga picha kila kijino unachokiona, na mwenye duka azione. Picha hizo zinamlinda kila mmoja wenu.

Mambo ya umeme

Redio imepoteza stesheni au GPS inasitasita baada ya tinti? Karatasi yenye metali huzuia mawimbi, na magari mengi yana antena ndani ya kioo cha nyuma. Jaribu ukiwa umefungua vioo. Hali ikirekebika, karatasi ndiyo chanzo, na badala yake ni ya kauri au kaboni.

Pawa windo imegoma siku ile ile? Maji yaliingia kwenye swichi za mlango. Usiendelee kuibonyeza. Chomoa swichi, ikaushe juani au kwa hewa, kisha ijaribu. Fundi mzuri hufunika swichi na spika kwa taulo kabla ya kupulizia tone la kwanza.

Mikwaruzo

Mikwaruzo iliyonyooka kufuata ukingo, na iko kwenye kioo si kwenye karatasi, ni alama ya wembe wakati wa kukata. Haifutiki. Mikwaruzo ya duara iliyoenea ni ya kusafisha: stilwaya, gazeti, kitambaa chenye mchanga. Soma kopo la dawa ya vioo, na lenye amonia liache kwa vioo visivyo na tinti, maana huharibu karatasi za rangi na kulegeza gundi. Maji, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha, na usianze kusafisha kabla tinti haijakauka.

Kubandua bila kuharibu kioo cha nyuma

Ikibidi kubandua, kioo cha nyuma ndicho cha kuogopa, kwa sababu ya zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu zilizochapwa upande wa ndani, chini kabisa ya karatasi. Wembe ukipita hapo, unazikata. Pulizia maji ya sabuni upande wa nje, bandika nailoni nyeusi ya ujenzi iliyokatwa kwa umbo la kioo, kisha egesha gari kioo kikilitazama jua. Ndani pulizia maji ya sabuni kwenye karatasi na uendelee kuilowesha. Baada ya saa moja au mbili gundi italegea. Anza kona ya juu, vuta taratibu kwa pembe ndogo, na pasha moto kwa mashine ya hewa ya moto pale inapogoma. Ikichanika tabaka la juu peke yake na gundi ikabaki, lowesha gundi hiyo kwa maji ya sabuni ya moto na uisugue kwa kitambaa kufuata mwelekeo wa nyaya, kamwe si kuzikatiza.

Ukimaliza, washa kiondoa ukungu asubuhi kioo kikiwa na umande. Mstari unaobaki na ukungu umekatika. Itafute sehemu ya mkato kwa mita ya umeme, kwa kupima kidogo kidogo hadi umeme unapopotea, kisha iunganishe kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme, inayouzwa kwenye baadhi ya maduka ya vipuri na ya elektroniki. Iache ikauke siku nzima kabla ya kuweka tinti mpya juu yake.